Kadi Arobaini za Mafiga Band

Kabla hujasikia habari za Mafiga Band, jua kwamba mimi niliwasikia kwanza. Hilo halina mjadala. Nimebishana na watu wengi juu yake na nimewashinda wote, kwa sababu mimi nina tarehe: tarehe tisa Februari, mwaka themanini na tano, uwanja wa shule kule Sabaki. Wasikilizaji tulikuwa kumi na tisa, na saba kati yetu walikuwa wamekuja kwenye mnada wa kuku.

Walikuwa watatu, na jina lilitoka hapo, maana mafiga hayazidi matatu. Zein, kijana wa ukoo wa Lamu aliyezaliwa Ngomeni, alipiga gitaa na kuimba. Ngala alipiga gitaa la besi. Katana, ambaye siku za kazi alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, alipiga ngoma. Haikuwa rumba, haikuwa taarab, wala haikuwa ile miziki ya hotelini ya kuwachekea Wataliani. Ilikuwa roki, gitaa la umeme linalokwaruza, na maneno ya Kiswahili juu yake. Mzee mmoja aliyeketi mbele aliuliza kama mashine imeharibika. Mimi, karani wa kiwanda cha pamba cha Malindi, mtu mzima kutoka Machakos, nilisimama pale machozi yakinitoka.

Tangu siku hiyo niliwafuata kila walikokwenda. Niliwafuata Ngomeni. Niliwafuata Jilore kwenye harambee ya kanisa, ambako waliombwa wapunguze sauti, kisha wakaombwa waipunguze zaidi, kisha wakaombwa wakae chini wale wali. Niliwafuata Kilifi kwenye maonyesho ya kilimo, ambako waliwekwa kati ya mashindano ya ng'ombe wa maziwa na mchezo wa kuvuta kamba. Ng'ombe walipata cheti. Niliporudi nilianzisha chama cha mashabiki nikawa mwenyekiti, bila kupingwa, kwa kuwa mkutano ule tulikuwa wawili na Jedida alikuwa amekubali ukatibu.

Jedida alikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Barani, mwanamke wa maneno machache, na machache yenyewe yalikuwa ya kunipinga. Mimi niliandika jarida la chama kwa taipureta ya ofisi, yeye akaligawa. Wanachama waliojiunga baada ya santuri ya kwanza niliwaita wageni. Waliojiunga baada ya ya pili sikuwaita chochote.

Hiyo santuri ya pili ilitoka Januari mwaka themanini na saba. Hakuna kampuni iliyoitaka, kwa hiyo waliitoa wenyewe kama walivyotoa ya kwanza. Majalada yalikatwa kwenye maboksi ya sabuni na Jedida akayashona pembeni kwa uzi mwekundu. Wimbo wenyewe uliitwa "Miguu ya Chumvi", na ulihusu miguu ya Katana, iliyopasuka kwa maji ya chumvi mpaka hakuweza kuvaa viatu. Gitaa linaanza peke yake, kama dakika nzima. Halafu, kabla ya neno la kwanza, unamsikia Zein akivuta pumzi. Niliandika nusu ukurasa juu ya pumzi ile. Jedida alisema ni nusu ukurasa zaidi ya inavyostahili, lakini nilimwona akiirudia sehemu hiyo kwenye gramafoni mara tatu.

Mwezi Machi Zein alikuja ofisini kwangu na barua mkononi.

"Kaka Musembi, ami yangu Abdulhalim ameniandikia kutoka Lamu," akasema. "Asema mwezi mtukufu usinikute nikipiga makelele. Duka lanisubiri. Asema, labda nipate kazi ya maana kwa hilo gitaa, yeye aione kwa macho yake. Hapo ataninyamazia."

Mwaka huo Ramadhani ilikuwa inaingia siku chache baada ya Pasaka. Na Pasaka hiyo kulikuwa na tamasha Mombasa, siku mbili uwanjani, bendi kumi na mbili. Mwandalizi alikuwa bwana mmoja aitwaye Thuku. Tulikwisha kumpigia simu. Alisema nafasi kumi na moja zimejaa, imebaki moja, na hiyo ataipa bendi ambayo Pwani yenyewe inaitaka. Atajuaje? Atasikiliza kipindi cha salamu redioni, Jumamosi alasiri, kama anavyosikiliza kila wiki akinyolewa ndevu. Wimbo ukiombwa na watu wengi wa Pwani, na masikio yake yakaupenda, basi. Santuri yetu ilikuwa imeshafika redioni. Zein alikuwa ameipeleka Nairobi mwenyewe, na ilikuwa rafuni ikingoja mtu wa kuiomba.

"Wimbo mmoja tu usikike," akasema Zein. "Sitaki zaidi. Wasiponipenda baada ya kunisikia, wallahi nitakwenda kuuza vitambaa na roho yangu nyeupe."

Nilimwambia alale usingizi. Kazi ya kadi za salamu ilikuwa yangu.

Asiyejua salamu za redio za miaka ile nitamweleza. Unanunua kadi, unaandika jina lako na mahali ulipo, unaorodhesha unaowasalimu, unaweka ujumbe wa hekima, na chini kabisa, kwenye kistari kidogo, unataja wimbo. Kulikuwa na watu Malindi waliojulikana nchi nzima kwa kadi tu, na hawakuwa na kingine cha kuwajulisha. Nilipotangaza kwamba chama kitatuma kadi arobaini kwa pamoja, nilipata watumaji siku hiyo hiyo. Kuluthumu muuza mahamri alitaka wakwe zake wote wa Ngomeni. Mzee Dena wa Jilore alitaka watoto wake tisa, na akaomba nafasi ya wa kumi iachwe wazi kwa kuwa mke wake alikuwa karibu kujifungua.

"Mwenyekiti," akasema Jedida, "kwani hizi kadi ni za nini? Si tuandike wimbo na bendi, tumalize?"

"Sasa nani atanunua kadi asisalimie mtu?"

"Basi mtu mmoja mmoja."

"Watu kumi kila kadi," nikasema. "Tuonekane wengi."

"Na majina yote hayo yatasomwa saa ngapi?"

"Mtangazaji ana mdomo wake, Jedida. Tumwachie."

Akanitazama, akarudi kwenye cherehani yake. Sikumwambia jambo la pili nililofanya, aliligundua mwenyewe alipozifunga kadi kwenda posta. Juu ya kila kadi, kabla ya jina la mtumaji, nilikuwa nimepiga chapa: Kwa idhini ya Phineas Musembi, Sikio la Pwani, Mwenyekiti na Mwanzilishi wa Mashabiki wa Mafiga Band, Malindi. Chama lazima kiwe na utaratibu.

Jumamosi ilipofika tulikusanyika dukani kwa Jedida. Redio ilitiwa betri mpya nne. Ndani tulikuwa chama na bendi, na nje barabarani walikuwa wote walioandikwa kwenye kadi pamoja na jamaa zao, maana yake nusu ya mtaa. Zein alikaa juu ya gunia la vitambaa, kanzu yake imepigwa pasi. Katana alikuwa ameomba ruhusa kazini na kuja moja kwa moja, miguu peku, nyayo zake zikiwa na weupe wa chumvi.

Saa kumi na nusu kamili kipindi kikaanza. Kilikuwa cha nusu saa.

"Leo," akasema mtangazaji, "Malindi wameniletea gunia zima!"

Barabara ikalipuka kwa vifijo. Akaanza kusoma. Alikuwa mtu mwenye adabu ya kazi yake, hakuruka jina. Kwa idhini ya Phineas Musembi, Sikio la Pwani, Mwenyekiti na Mwanzilishi. Kuluthumu na wakwe zake. Kigelegele nje. Kwa idhini ya Phineas Musembi, Sikio la Pwani. Mzee Dena na watoto wake tisa na atakayezaliwa. Mtu aitwaye Wangu, wa Sabaki, ambaye tulikuwa tumemzika wiki iliyopita, Mungu amrehemu. Jamaa zake walilia na kushangilia kwa wakati mmoja. Kwa idhini ya Phineas Musembi. Watu walianza kunigonga mgongoni kupitia dirishani.

Nakiri kwamba kadi kumi za kwanza nilikuwa peponi. Kufikia ya ishirini nilitazama saa. Kufikia ya thelathini Jedida alikuwa ananitazama mimi, na sikuthubutu kumgeukia Zein. Nilimwomba mtangazaji moyoni mwangu achoke, apaliwe na mate, mtu ampigie simu. Hakuchoka. Alisoma kadi ya arobaini kwa sauti ile ile ya kadi ya kwanza, pamoja na ujumbe wake: haraka haraka haina baraka.

"Na wote hao," akasema, "wanaomba kibao chake Mafiga Band, 'Miguu ya Chumvi'."

Gitaa likaanza. Nje bado walikuwa wakipongezana. Sisi ndani tuliinama mbele sote. Gitaa likapanda kama ninavyolijua, likashuka, likapanda tena, likanyamaza. Zein akavuta pumzi. Pumzi hiyo ilisikika kutoka Mombasa hadi Kisumu, safi kabisa. Kisha ikalia ile milio mifupi ya kutangaza saa kumi na moja kamili, na sauti nyingine ikasema hii ni taarifa ya habari.

Ngala alitukana. Katana aliinuka akazima redio kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Zein hakusogea. Nje walikuwa wakiita, "Musembi! Musembi!" Kuluthumu alipenya akanishika mikono miwili, akasema hajawahi kuona kipindi kizuri kama kile. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza habari ya wimbo.

Jumatatu nilikwenda posta nikampigia simu Thuku. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakunipa nafasi.

"Wewe ndiye Musembi mwenyewe?" akapiga kelele. "Sikio la Pwani? Bwana, kinyozi wangu amekukariri! Ile nafasi nimewapa vijana wa rumba, hao wako sikuwasikia. Lakini wewe nakutaka. Njoo Pasaka uwe mshereheshaji wangu. Wape watu salamu kati ya bendi na bendi. Bango naliandika leo."

Nilisema nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria.

Zein alisafiri kwenda Lamu wiki moja kabla ya Pasaka, asubuhi. Gitaa alikuwa amemwachia Ngala. Nilimkuta kituoni na sanduku dogo, nikamweleza yote, kwa sababu bango lilikuwa limeshabandikwa mpaka ukutani pale nyuma yake na jina langu lilikuwa na herufi kubwa kuliko bendi zote. Nilitaka anikasirikie. Nilikuwa na majibu tayari.

"Nenda," akasema. "Wewe wanakujua."

"Nitakusalimia jukwaani, Zein. Nitakutaja mbele ya watu elfu tano."

"Usinisalimie, kaka Musembi," akasema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Wapigie wimbo. Dakika nne tu. Mwombe fundi wa mitambo, uwaache wausikie."

Nikamwapia. Nilimshika mkono na kumwapia kwa jina la mama yangu.

Nilikwenda Mombasa na santuri kwenye mkoba, ndani ya jalada lake la boksi la sabuni. Fundi wa mitambo alikubali bila shida. Alinionyesha mahali pa kuiweka, akaniambia kati ya bendi ya tano na ya sita nina dakika tano, nimpungie mkono nikiwa tayari. Nikapanda. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka ukutani. Nilikusudia kusema sentensi moja tu, jina la bendi na jina la wimbo. Mtu mmoja chini pale, kijana nisiyemjua kabisa, akaita, "Sikio la Pwaniii!" na uwanja mzima ukaitikia.

Nikaanza salamu, kwanza Malindi. Nikaenda Sabaki, Ngomeni, Jilore, Kilifi, nikavuka daraja la Nyali. Kila jina walilipigia makelele. Nilimwona fundi akinitazama, mkono wake juu ya santuri, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilijua kabisa dakika ngapi zimebaki, maana mbele yangu palikuwa na saa kubwa. Sikumpungia. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena maishani mwangu.