Joho la Bruda Renier

"Livue," akasema Padre Gaucher, mkuu wa nyumba. "Baraza kuu la watawa wetu Wakarmeli limekata shauri. Kuanzia leo joho letu ni jeupe tupu, halina mistari."

"Sivui ng'o," akajibu Bruda Renier. "Hili nilivishwa kulekule mlimani Karmeli. Mistari hii ni ya nabii Eliya. Alipolitupa joho lake kutoka kwenye gari la moto, mikunjo ikaungua. Moto wa mbinguni, Padre, wewe unataka kuufua kwa sabuni?"

"Watu wanatucheka! Tukipita na mistari hii wanasema magodoro yanatembea."

"Si ndiyo maana wanatuona?"

Padre Gaucher akapandwa na hasira, akaamuru kwamba mwenye mistari hatoki langoni. Miaka yote Renier ndiye aliyebeba gunia kwenda kuiombea nyumba nzima mkate, kazi aliyoipenda kuliko kuimba zaburi, maana aliimba vibaya mno. Sasa akakaa jikoni kumenya vitunguu. Iliuma. Aliyemwuliza machozi ya nini aliambiwa ni vitunguu.

Watawa vijana wakatoka na gunia, majoho meupe pe. Wakarudi nalo limenywea. Kesho yake vilevile. Kufika mwisho wa juma, supu ilikuwa maji ya vitunguu.

"Mmesahau hata kuomba?" akafoka Padre Gaucher, akatoka mwenyewe.

Hersende, mwoka mikate wa kando ya mto, akamtazama juu hadi chini. "Na ninyi mmezuka wapi? Kila kukicha Paris ina watawa wapya wa kuomba! Mkate wangu ni wa magodoro."

"Ndio sisi, mama."

"Thubutu! Magodoro yangu nayajua. Yule babu nimemtania kila asubuhi tangu sijaolewa. Yuko wapi? Kafa?" Akajifuta macho kwa mkono wenye unga. "Mbona hamkuniita kumzika?"

 Padre Gaucher akarudi moja kwa moja jikoni, akamnyang'anya mzee kisu.

"Toka, Bruda. Mama Hersende anakulilia."

"Na joho?"

"Nimesema toka! Baraza liko mbali, na hapa watu wana njaa."

Renier akajikung'uta maganda, akainuka taratibu kama mtu aliyejua ataitwa. "Gunia?"

"Ninalo mimi."

Wakatoka, mzee mbele, mistari yake ya kahawia ikimeta juani. Hakuharakisha. Kila mlango alisimama, akaulizia jino la huyu na mtoto wa yule, na mkuu wa nyumba akangoja nyuma yake, gunia wazi mikononi.