Ubavu wa Kushoto

Niletee tairi lolote hapa Mbotela, nitakwambia mwenyewe anaishi vipi. Nitamjua anayebana breki kwa pupa, nitamjua anayebeba mizigo kupita kiasi, na yule anayeapa kwamba hajawahi kupanda ukingo wa barabara nitamjua kabla hajamaliza kuapa. Wanaume huja na uongo wao mrefu, nami nawaambia, baba, nyamaza kwanza, acha tairi liseme. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi hii kando ya Jogoo Road na tairi halijanidanganya hata siku moja. Ndiyo maana nilipokagua tairi la nyuma la Kweyu Jumamosi ile, niliingiwa na ubaridi mchana kweupe.

Kweyu ni ndugu yangu, kitinda mimba. Mama alifariki Kweyu akiwa na miaka sita, mimi nikamlea kwa mikono hii yenye grisi. Sasa ni mwanaume mzima, anaishi Njiru, na kazi yake ni kubeba sampuli za damu kutoka zahanati za upande wa Tala hadi maabara mjini. Mwaka jana alinunua kwa broka pikipiki kubwa ya safari, zile za kumeza kilomita mia bila kupumua. Mimi ndiye niliyeikagua. Niliinama, nikazungusha magurudumu, nikamwambia chukua, hii ni mali safi. Maneno hayo yamenikaa kooni hadi leo.

Tairi la pikipiki ya aina hiyo lina raba mbili. Katikati ni ngumu, ili livumilie safari ndefu, na ubavuni ni laini, ili lishike lami mtu akilaza pikipiki kwenye kona. Mtu wa safari za barabara iliyonyooka hula katikati, tairi likawa bapa, na ubavu ukabaki na rangi ya dukani. Hapa mjini ubavu wa kulia huisha kidogo zaidi kwa sababu ya mizunguko ya barabara. Hayo ndiyo niliyotarajia kuona. Mimi hupima kwa kijiti cha kiberiti: nakichomeka kwenye mfereji wa tairi, naweka alama kwa ukucha. Katikati ya tairi la Kweyu kijiti kilizama vizuri. Kulia kilizama. Kushoto kiligota juu.

"Siz, hiyo tairi bado iko fiti," Kweyu alisema, akiwa ameketi juu ya debe langu na kutafuna mahindi. "Inashika lami ile mbaya. Hata kukinyesha haitelezi."

"Siku hizi unapitia wapi?"

"Si njia ni ile ile. Njiru, Ruai, Tala, nageuza narudi."

Nikamtazama usoni. Kweyu hajui kusema uongo, masikio humfichua. Hakuwa anadanganya, na mita ya kilomita ilikubaliana naye. Sasa, kona unayoipinda kushoto ukienda, utaipinda kulia ukirudi. Tairi linalokwenda na kurudi huisha pande zote. Hili lilikuwa la mtu anayekwenda tu. Nikamwambia labda ni gurudumu limepinda, ili nisimtie hofu, nikamfunga tairi jipya.

Baada ya wiki mbili alirudi. Ubavu wa kushoto wa lile tairi jipya ulikuwa umeisha kama wa lile la zamani nilipolivua, na zaidi kidogo. Katikati bado kulikuwa na vinyweleo vya raba vya kiwandani. Nilikagua mnyororo, beringi na springi, nikapima fremu kwa uzi kutoka mbele hadi nyuma. Kila kitu kilikuwa sawa. Nilifunga tairi la tatu, na siku ya tisa nilipolipima, lilikuwa limeendelea kutoka pale la pili lilipoishia. Kushoto nyuzi za ndani zilikuwa zinakaribia kuchungulia.

Siku ya kumi, Kweyu alianguka. Alikuwa anakata kushoto kuingia kwake Njiru, manyunyu tu, mwendo wa kobe, pikipiki ikamtoka chini. Alichubuka kiwiko na paja. Alipokuja kunionyesha alikuwa anacheka, akisema hata kisanduku cha damu hakikufunguka. Nilimtukana mbele ya wateja, kisha nikalia mbele ya wateja haohao. Nikamnyang'anya ufunguo.

"Siz, mimi si mtoto," alisema, kicheko kimemwisha. "Hii ndio kazi yangu. Na niko na ufunguo wa spea."

Akawasha akaenda. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Kweyu alikuwa ameamua kutotazama. Nilijua kabisa kwamba nyuzi zikitokeza, kona ya kushoto yoyote ingemmaliza, na hakuna tairi ambalo ningemfunga lingezuia.

Basi nikamtafuta broka aliyemuuzia, nijue ilikuwa ya nani, nikambana hadi akatema. Pikipiki ilikuwa ya mtu anayeitwa Wachira, wa mtaa wa Ziwani, marehemu. Mjane wake alikuwa anafuma sweta za shule kwa mashine, na nyumba yake ilijulikana. Alasiri hiyohiyo nilifunga kazi nikaenda. Nilimkuta mlangoni, mwanamke mwembamba wa umri wangu, akisukuma mashine yake kulia na kushoto bila kuinua kichwa. Jina lake Wanja.

"Hodi, mama. Mimi ni fundi wa matairi, natoka Mbotela. Nimekuja kwa sababu ya pikipiki ya mzee wako."

"Hiyo niliuza. Kama imeharibika, ongea na broka."

"Alianguka kwa kona ya kushoto, sivyo?"

Mashine ikanyamaza.

"Nani amekuambia?"

"Tairi," nikasema.

Hakunicheka. Alinipa kiti, akanieleza ni kona gani, kwenye mteremko wa kwenda Bonde la Ufa, akaitaja kwa jiwe lililopakwa chokaa na mti uliokatwa matawi upande mmoja. Nikamuuliza kama watu wa nyumbani walirudi pale kumchukua.

"Kumchukua wapi? Si tulimzika."

Nikamweleza ya kwetu Butere. Nyanya yetu alisema mtu akifia barabarani, kuzika mwili pekee hakutoshi. Watu wake hurudi pale alipoanguka wakiwa na tawi, wakamwita kwa jina, wakamwambia twende nyumbani. Kisha hutembea bila kugeuka nyuma na bila kusalimu mtu. Baba yetu tulimchukua hivyo. Asiyeitwa hubaki pale, akimaliza safari yake ileile kila siku, na hajui kwamba imekatika.

"Sisi tumeokoka, mama," Wanja alisema polepole. "Hayo mambo hatuyafanyi. Lakini sitakudanganya, wokovu sio sababu. Aliniaga akisema anaenda kesha ya maombi. Nilipoitwa mochari kumtambua, alikuwa amevaa sweta ya bluu, imefumwa vizuri sana, mikono miwili sawa kabisa. Mimi ndio hufuma sweta kwa hii nyumba. Hiyo sikuifuma mimi." Akashika mpini wa mashine tena. "Akae hukohuko alikokuwa anaenda. Kwangu asirudi."

Sikumlaumu. Ningekuwa mimi, ningemwongezea na matusi. Nilimwambia pole, nikaondoka, na njiani nikajua kwamba hakukuwa na mwingine wa kwenda ila mimi. Nyanya alikuwa ametuonya: anayemwita mfu ndiye anayempa nyumba. Na mfu aliyechukuliwa na asiye wake hatulii humo. Akikutana na mtu wa safari, hupanda naye. Nikajifanya mjanja. Nikasema nitamwita, ila nitamwelekeza Ziwani, wamalizane wenyewe kwa wenyewe.

Jumanne saa sita mchana nilikuwa kwenye ile kona, tawi mkononi, jua la utosini. Jiwe la chokaa lilikuwepo. Kwenye lami kulikuwa na alama nyeusi ya tairi moja pana. Ilianza mwanzo wa kona, ikalala kushoto, ikakoma katikati ghafla. Hakukuwa na alama ya kutoka. Nilipiga magoti nikaigusa. Raba ilikuwa laini na ya moto, ikanishika vidole, na nilipoinusa niliijua: ilikuwa raba mpya, ya tairi nililolitoa kwenye karatasi kwa mikono yangu. Lori likaja, nikaruka kando. Lilipokwisha kupita, ile alama ilikuwa imerefuka kwa shibiri moja.

Saa hiyo Kweyu alikuwa barabarani mahali fulani kati ya Ruai na Tala na damu za watu nyuma yake, na hapa mbele ya macho yangu tairi lake lilikuwa linaliwa.

Nilifungua mdomo niseme, Wachira, nenda kwako Ziwani. Nikamkumbuka Wanja. Nikamwona akiamka asubuhi na kumkuta ameketi kando ya mashine, na ile sweta ya bluu mwilini. Mwanamke yule alikuwa amekwisha kusumbuliwa vya kutosha. Nilijaribu mara mbili, maneno yakakataa. Na kona haikuwa inaningoja.

"Wachira," nikasema, "twende nyumbani."

Nilihisi mgongoni uzito mtu anaouhisi abiria anapopanda nyuma na springi zikashuka. Nikageuka kuelekea mjini na kuanza kutembea. Sikutazama nyuma, sikumsalimu mtu. Mwanamke wa kuuza viazi kando ya barabara alinisalimu, kisha akatazama nyuma yangu, akaacha kusalimu.

Tairi la nne, nililomfunga Kweyu baada ya hapo, limekwenda kilomita elfu sita sasa. Limeisha katikati, bapa kabisa, na mbavu zote mbili ni sawa. Nilipolipima mara ya kwanza nililibusu, na grisi yake yote.

"Siz, unabusu tairi?" Kweyu aliuliza. "Ama umeokoka?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Furaha niliyokuwa nayo siku hiyo sijawahi kuipata, na naisema wazi kwa sababu sasa niseme na mengine.

Naishi peke yangu, chumba kimoja, na kwa hiyo najua vitu vyangu. Chumba kinanuka raba ya moto hata siku ambazo sikufanya kazi. Maji kwenye beseni hayakai sawa tena. Yamelala kushoto, yamepanda ukingo, na yanakaa hivyo. Chai kwenye kikombe vilevile. Stuli iliyo karibu na mlango huwa na joto ninapoikuta. Hanidhuru. Nadhani anangoja tu. Usiku nimezoea kumwambia lala, baba, hakuna safari. Lakini naogopa, sitaki kusema uongo, na ninayemwogopea si mimi.

Tangu Aprili sijamkaribisha Kweyu ndani. Namkuta kwenye kazi, nampimia tairi pale nje, na akisema anakuja kunywa chai, nasema nina shughuli. Kwa Mama hatukulelewa hivyo. Najua anaumia, na najua anauliza watu kama nimerogwa.

Jumapili iliyopita alikuja bila kusema. Nilisikia pikipiki ikizimwa nje, nikafika mlangoni kabla hajabisha. Alikuwa ametoka barabarani moja kwa moja, kofia ya pikipiki kwapani, vumbi la Tala kwenye viatu, mkate na maziwa mkononi.

"Siz, kwani nimekukosea nini?" alisema. "Miezi mitatu hata maji ya kunywa hunipi."

Nyuma yangu stuli ilikwaruza sakafu. Maji ya beseni yakamwagika, nikayasikia yakitambaa hadi kisigino changu. Kweyu alisikia pia. Akanyoosha shingo.

"Kuna mtu?"

"Kuna mgeni."

"Mwanaume?" Uso wake ukafunguka wote, nikaona meno yale ya utotoni. "Aah, siz! Si ungesema tu? Mimi nikifikiria umenichukia. Acha basi nimsalimie shemeji."

Akanyoosha mkono kupita begani kwangu, ameukunjua kabisa, tayari kushikwa.

Nilimzaba kofi. Tangu Mama atuache, sikuwahi kumpiga Kweyu, hata alipokuwa mtukutu. Mkate ulianguka. Alinitazama, na sikuona hasira usoni mwake, aliona haya tu, kama kwamba yeye ndiye aliyekosea.

"Usikanyage hapa tena," nikamwambia. "Umesikia? Usije tena."

Aliyaweka maziwa kizingitini taratibu, akavaa kofia, akawasha. Nilifunga mlango, nikauegemea kwa mgongo wangu wote, mikono nimeshika fremu pande mbili, huku kitu kikinisukuma kifuani bila nguvu nyingi, kama mtu aliyechelewa anayeomba njia. Nililia na sikuondoka. Nilisikiliza ile pikipiki hadi ikaingia Jogoo Road, na mlio wake ulikuwa mwepesi, wa pikipiki iliyobeba mtu mmoja.