Mfuko wa Hopsi

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, na ndani yake Mwalimu alikuwa ameandika kwa penseli: urefu sentimita ishirini na mbili, upana kumi na mbili, mshono mara mbili, mdomo wa kufunga kwa kamba. Chini yake akauchora na mfuko wenyewe, na mshale wa kuonyesha kamba ipite wapi, kana kwamba mimi ndiyo kwanza naiona cherehani. Nikakitandaza kile kitambaa cha wavu mezani, nikashika mkasi, nikakata ishirini na mbili kwa kumi na mbili. Mshono nao nikauingiza humo humo ndani ya kipimo, kwa hiyo mfuko ukatoka mdogo kuliko hata alivyouchora.

Asiye fundi hawezi kuuona uovu uliokuwamo. Miaka yote ya kazi yangu sijawahi kukata nguo kwa kipimo cha mteja. Mteja anataja kiuno chake, mimi naongeza vidole viwili, kwa sababu kitambaa hurudi kikifuliwa na watu hunenepa. Magauni yote ya dada yangu nimeyashona mimi, na yote yana akiba ya mshono kwa ndani. Siku ile sikuacha hata uzi. Nilipomaliza nikaukata uzi kwa meno, na nilijisikia vizuri. Sisemi uongo, nilijisikia vizuri sana.

Dada yangu ni fundi wa meno ya bandia. Wiki nzima huchonga meno ya watu asiowajua, na Jumapili hupika bia katika chumba cha kufulia nyuma ya nyumba yake, lita ishirini kwa mpigo. Anachemsha maji ya kimea, anatia hopsi, ule mmea unaoipa bia uchungu na harufu, halafu anapoza na kutia hamira. Hopsi huuzwa ikiwa imeshindiliwa ikawa punje ngumu za kijani, mfano wa chakula cha kuku. Zikichemka hufumuka na kuwa tope. Tope hilo huziba bomba la sufuria, hugandia pembeni, hushuka kwenye tundu la sinki na kugoma kutoka. Niliwahi kudondosha punje chache tu kwenye sinki lenye unyevu, na kesho yake nikakuta tundu zima limejaa.

Kwa miaka tisa kulisugua tope hilo ilikuwa kazi yangu. Nilifika saa nane mchana, yeye akiwa ameshamaliza kupika, tukavuta vigoda viwili na sufuria katikati. Mimi nasugua, yeye ananimiminia maji, na tunaongea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Dada kumi na tisa, na tangu hapo yeye ndiye aliyesaini karatasi zangu za shule. Lakini ni juu ya sufuria ile aliponieleza kwa nini hakuolewa. Na ni hapo nilipomwambia kwamba namwacha mume wangu, wiki mbili kabla mume wangu mwenyewe hajajua. Nilikuwa nainama, nasugua, na maneno yanatoka yenyewe. Watu waliniuliza kwa nini Dada asitafute namna ya kuepuka uchafu ule. Nilikuwa nawajibu kwamba haiwezekani.

Halafu Mwalimu akahamia nyumba ya pili. Anafundisha kemia, ana sauti ya darasani hata akiomba chumvi. Alianza kwa kuazima ngazi. Mwezi haujaisha alikuwa na aproni yake, imetundikwa kwenye msumari wa peke yake nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia, wakati mimi miaka tisa nilivaa yoyote niliyoikuta. Alikuja na kipimajoto, akaja na daftari. Ni mcheshi, sikatai. Dada alicheka mpaka akashika ukuta kwa vichekesho ambavyo ningevitoa mimi angeniambia niache upuuzi.

Yote hayo ningeyameza. Lililonikwama kooni ni kwamba naye alianza kumwita Dada. Angesema "dada yangu" au "dada jirani", kama watu wanavyoitana kwa adabu tu, nisingejali. Yeye alisema Dada, tupu, ndiyo jina lenyewe. Kila alipolitamka niligeuka, nikidhani ni sauti yangu imetoka bila ruhusa.

Jumapili moja nilifika nikamkuta Mwalimu ameinamia sufuria, anachungulia tope kwa makini.

"Dada anaumia mgongo bure," akaniambia. "Na wewe unapoteza mchana mzima. Hopsi tukiitia kwenye mfuko wa wavu, inachemka humo humo, ukimaliza unautoa, basi. Sufuria unaisuuza mara moja."

"Tope je?" Dada akauliza.

"Hakuna hata chembe."

Dada akanigeukia, uso umemchangamka. "Umesikia, mdogo wangu? Umepona."

Nikasema afadhali. Mwalimu akauliza kama naweza kuushona huo mfuko, na Dada akanijibia kwamba hakuna kitu nisichoweza kushona.

Bia ya wiki iliyofuata haikuwa ya mchezo. Ilikuwa ya mashindano ya watu wanaopika nyumbani. Dada alikuwa ameshika nafasi ya nne miaka miwili mfululizo na safari hii aliitaka ya kwanza, ingawa alisema anakwenda kupunga upepo tu. Nilijua hayo nilipokuwa nakata. Nilijua pia kwamba mfuko ukiwa mdogo punje za nje zitavimba, zibane, na maji yasifike katikati. Nilichotaka ni kitu kimoja: mfuko ushindwe, ili Jumapili zangu zirudi.

Mwalimu akamimina punje. Zikafika shingoni mwa mfuko, akazishindilia kwa kidole gumba, akafunga kamba.

"Utatosha kweli?" Dada akauliza. Aliuliza akinitazama mimi.

"Nimefuata kipimo," nikasema.

Mfuko ulichemka saa nzima. Ulivimba, ukawa mgumu, ukawa unajigonga kwenye kuta za sufuria. Kwa kawaida chumba kile hujaa harufu mpaka nguo zinanuka siku tatu, lakini siku ile ilikuja hafifu. Dada akanusa, akanusa tena. Mwalimu akautoa mfuko kwa koleo, akautundika kwenye kamba ya nguo uani. Ukikauka, alisema, machicha yatatoka yenyewe kama vumbi, hata kuufua hakutakuwa na shida. Sufuria ikasuuzwa kwa dakika nne. Niliangalia saa.

Dada akasema wao wawili wanakwenda kuangalia pipa jipya, kama nataka tufuatane. Nikasema nina nguo za watu. Nilipofika kona ya mtaa niliwasikia wanacheka, na nikasimama pale na kikapu changu nikijiuliza wanamcheka nani.

Wiki sita zilipita, Dada akisema hapiki nyingine mpaka mashindano yapite; bia ikachachuka, ikatulia kwenye chupa, na mfuko ukasahaulika kwenye kamba. Majaji walikuwa watatu. Kwenye karatasi yao waliandika kwamba bia ni safi kwa macho, lakini ni tamu kama uji wa mgonjwa, na wakauliza hopsi iko wapi. Dada alikuwa wa pili kutoka mwisho. Mwalimu alishika daftari lake kifuani, machozi yakimlengalenga. Mimi nilisimama nyuma yao nikiingoja furaha niliyoiandaa kwa wiki sita. Ilikuja, nakiri, ikakaa muda wa kumeza funda moja. Kisha nikaona Dada ananyoosha mabega na kuwashukuru majaji mmoja mmoja kwa mkono. Hivyo ndivyo alivyonyoosha mabega siku ya maziko ya Mama, ili mimi nisilie.

Kesho yake mchana nilimkuta jikoni. Mfuko ulikuwa mbele yake, mkavu, mgumu kama jiwe, na alikuwa ameupasua kwa kile kisu chake kidogo cha kuchongea meno. Nje kulikuwa na gamba la kijani kilichokolea. Katikati, punje zilikuwa nzima, na rangi yake ile ile ya dukani. Alikuwa anapitisha ukucha kwenye mshono.

"Hakuna akiba," akasema.

Nikaweka kikapu changu chini.

"Magauni yangu yote yana vidole viwili. Mpaka pazia hili la jikoni. Hapa hakuna hata uzi."

"Alinipa kipimo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Kabla hajasema lolote Mwalimu akaingia kwa mlango wa nyuma, bila kubisha, daftari mkononi. Alikuwa amekesha na hesabu zake. Akaziona zile nusu mbili mezani, akavuta kiti.

"Nimekosea mimi," akasema. "Kipimo changu."

"Hapana," Dada akasema. "Ulipogeuka, kabla hujazimimina, niliongeza punje. Nilizidisha."

Alisema uongo huo kwa utulivu kabisa, wala hakunitazama. Nafasi ya kusema ilikuwapo, ndefu ya kutosha. Mwalimu akamwekea mkono begani, akamwambia, "Pole, Dada." Na mimi, mwenye kosa, niliyeokolewa mbele ya macho yangu, nilichokiona ni mkono ule begani kwa dada yangu, na roho ikaniuma upya.

"Jumapili njoo na cherehani," Dada akaniambia nilipokuwa naaga. Hakuongeza neno.

Nikaenda nayo. Kitambaa kilikuwa kimetandazwa juu ya meza ya kupigia pasi, na hapakuwa na karatasi yoyote.

"Kipimo unakijua wewe," Dada akasema. "Mwalimu atakushikia." Akatupa kisogo, akaendelea kukoroga.

Nikakata. Mwalimu akashika ncha ya pili, akaona ninavyosogeza mkasi mbali, mbali zaidi.

"Mbona mkubwa hivi? Si utakuwa foronya?"

"Zinafumuka," nikasema. "Mara tano, sita. Nimezisugua miaka tisa, nazijua." Mguu ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani na sikulikanyaga. "Hata ule wa kwanza nilijua. Dada hakuzidisha kitu."

Mwalimu hakukiachia kitambaa. Alikitazama, akanitazama.

"Nilidhani hunipendi kwa sababu naongea sana," akasema.

"Na hilo pia."

Mwiko wa Dada ulisimama kidogo ndani ya sufuria, kisha ukaendelea. Nikakanyaga cherehani.

Mfuko ule ulielea, umelegea, ukijigeuza ndani ya maji, na harufu ikajaa chumba mpaka macho yakawasha. Tukautoa, tukaukamua, tukaisuuza sufuria. Saa nane na dakika tano kazi ilikuwa imekwisha, na mchana wote ulikuwa bado uko mbele yetu. Nilizunguka chumbani nikitafuta cha kufuta.

"Acha hiyo," Dada akasema. "Njoo ukae."

Tukakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, yeye katikati. Wivu haukuwa umeniisha, haujaniisha hata leo. Nilikuwa naliona bega la Mwalimu linamgusa upande wa pili.

"Siku hizi usiku unalala?" Dada akaniuliza.

Zamani ningeinamia sufuria nikamjibu bila kumtazama. Nikainua uso.

"Silali," nikasema. Nilimwona Mwalimu anasikia, na nikamwacha asikie.