Uzito wa Lavoy Oglesby

Jumamosi asubuhi, kabla hajafungua duka, Wendell Stroup alikuwa akipima pakiti za kadi zenye picha za wachezaji, zile ambazo watu hukusanya na kuuziana. Alifanya hivyo kila boksi jipya lilipoingia. Kadi yenye kipande cha jezi ya mchezaji ni ghali na nene kuliko nyingine, kwa hiyo pakiti iliyoibeba huwa nzito kidogo, na Wendell alikuwa na mizani ndogo ya kupimia barua. Pakiti nzito aliziweka chini ya kaunta, za wateja wake wakubwa. Nyepesi alizitia kwenye kikapu cha mlangoni, za watoto.

Alipogeuza funguo, Lavoy Oglesby aliingia na upepo. Upepo wa Machi ulikuwa umemchukua kwenye kona ya benki, ukamleta mpaka hapo, miguu yake ikigusa lami hapa na pale.

"Funga mlango, mzee," Lavoy alisema.

"Nishafunga. Kaa."

"Nikikaa naelea. Nipe kitu cha kushika."

Wendell akampa chuma cha kuzuilia mlango. Lavoy akakipakata, akatulia.

Mjini Anderson, Indiana, hakuna asiyemjua Lavoy. Alipokuwa shule ya sekondari, watu walijaza ukumbi wa mpira wa kikapu hadi makanisa yakabadilisha saa za ibada. Ligi kubwa ilipomchukua, kadi yake ya msimu wa kwanza ilitafutwa kama dawa. Wazazi waliinunua kwa maboksi, wakayarundika chini ya ngazi bila kuyafungua, wakasema hayo ndiyo karo ya chuo. Viwanda vikaona. Vikachapa nyingine yenye ukingo wa dhahabu, nyingine ya fedha, nyingine inayong'aa kama kioo, na nyingine ambayo Lavoy hachezi wala nini, ameketi tu kwenye benchi anakunywa maji.

Kadiri zilivyochapwa ndivyo alivyopungua uzito. Urefu alibaki nao, mwili nao, na magoti yake yalikuwa mazima. Msimu wa pili, mpinzani alimgusa kwa bega akaangukia kwa watazamaji, safu ya tatu. Daktari wa timu akampima, timu ikampa mkono wa kwaheri na fulana iliyoshonewa vipande vya madini ya risasi ndani, vya kumwongezea uzito. Fulana yenyewe ilichakaa. Wakulima wa mahindi wa huko, waliozoea mavuno yakizidi bei kushuka, walielewa mara moja, wala hawakuuliza maswali.

Aliyegundua dawa ni mama yake, Odessa, mpishi wa shule. Siku moja hasira zilimpanda akaitupa kadi ya mwanawe jikoni, motoni. Nyuma yake, kiti alichokalia Lavoy kikalia kwa kulemewa. Akatupa ya pili. Kiti kikalia tena. Hakumaliza hata kuosha vyombo. Akavaa koti, akaenda kwa Wendell.

"Wewe unawajua wote wenye nazo," alimwambia. "Waambie wazilete. Tuzichome zote."

"Zote, Bi Odessa?"

"Kwani mwanangu nirudishiwe nusu?"

Jumapili baada ya ibada watu walikusanyika kwenye uwanja wa magari nyuma ya ukumbi, kuzunguka pipa tupu la mafuta lililowashwa moto ndani. Walikuja na sufuria za maharage na nyama ya kusaga, na pai za maziwa. Mtu wa duka la vyakula vya mifugo alileta mizani yake ya magunia, Lavoy akapandishwa juu, ameshikwa mkono asipeperuke. Duane Kessler, fundi bomba, alirudisha gari lake kinyumenyume likiwa limejaa mpaka juu.

"Duane, si hiyo ndiyo karo ya binti yako?" mtu alimpigia kelele.

"Binti kaolewa Toledo, chuo kimekufa. Sogea, usije ukaungua hizo nywele tatu ulizobakiza!"

Wakacheka, wakamimina. Mshale wa mizani ukaanza kupanda. Lavoy akaomba aachiwe mkono, wakamwachia, akasimama peke yake. Akaruka kidogo, akatua. Odessa alipousikia ule mshindo wa viatu akafumba macho. Kisha mshale ukasimama, umefika uzito wa mtoto wa miaka sita.

"Zimeisha?" Odessa aliuliza.

"Zimeisha, mama," walijibu, kila mmoja akilitazama bakuli lake.

Wendell naye alijibu hivyo hivyo. Katika mfuko wa ndani wa koti lake ilikuwamo kadi moja, pembe zake nne kali kama zilivyotoka kiwandani, ndani ya plastiki ngumu. Alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nzima. Wote wakichoma, hii itabaki peke yake duniani, na kadi moja haiwezi kumdhuru mtu. Aliiona hesabu hiyo imekaa vizuri.

Jumatatu Duane alikuwa mlangoni kabla ya kufunguliwa.

"Hivi, kadi ya Lavoy siku hizi inakwendaje?"

"Unauliza ya nini, na wewe ulichoma?"

"Nauliza tu, Wendell. Mtu haulizi?" Akavua kofia. Kadi ilikuwa ndani yake.

Nyuma yake alisimama mchungaji. Nyuma ya mchungaji, mwenye mizani ya magunia. Kufikia mchana foleni ilikuwa imefika kwa kinyozi, na kila aliyekuwamo aliwakasirikia wenzake. Bei ilipanda, jarida la bei za kadi likaiandika, kiwanda kikalisoma jarida. Mwezi wa Mei likatoka toleo la ukumbusho la kadi ya Lavoy, lenye picha ya moto ukingoni, likajaa hadi kwenye vituo vya mafuta.

Odessa alimleta mwanawe dukani akiwa amemfunga kiunoni kwa mkanda wa koti lake.

"Wendell, wewe ulibakisha?"

Wendell alinyoosha kitambaa cha kaunta. "Moja tu."

"Kila mtu ana moja tu. Ichome sasa, nikiona."

"Moja haitambadilishia kitu, Bi Odessa."

"Najua. Ichome hivyo hivyo."

Wendell alisema atalifikiria. Odessa alimtazama, akachukua ncha ya pili ya mkanda, akaifunga kwenye mguu wa kaunta kwa mafundo mawili, kwa sababu kazini walikuwa wakimsubiri na nyumbani dirisha lilikuwa bovu. Akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo Lavoy hushinda dukani. Anatia saini kadi kwa wanaotaka, ingawa saini nazo zimekuwa nyingi. Boksi jipya likiingia anamsaidia Wendell. Mizani imewekwa kabatini, haihitajiki tena. Lavoy huiweka pakiti kiganjani, na akipanda juu kidogo tu, anajua.

"Hii nyepesi," husema.

"Kikapuni," hujibu Wendell.

Lavoy huitia kikapuni. Mtoto akiingia kununua, mlango unafunguka, upepo unapita, na Wendell anamshika Lavoy shati kwa mkono mmoja huku wa pili ukipokea sarafu.