Kola ya Baba

…au basi ya bluu, maana ile suti ya kijivu nimeshawavisha nusu ya marehemu wa Mengo, walimu, wauza nyama, hata mchungaji mmoja aliyekufa bila koti, ndiyo kazi yangu hapa studio, naletewa kichwa cha picha ya kitambulisho nakipa mabega, tai, pazia jekundu nyuma, jamaa zake wakija kuchukua wanalia wanasema ndiye hasa, sasa leo kichwa ni cha baba yangu mwenyewe na kidole kimegoma juu ya kipanya, "Amito, mbona hii kichwa iko peke yake mpaka saa hizi, mwekee nguo," anasema mama kutoka kwenye benchi, amepakata mkoba kama mteja mwingine yeyote, namjibu nakuja, mama, nakuja, lakini nguo gani, Jumamosi mchumba wangu Erinayo analeta watu wake nyumbani kujitambulisha, na kiti cha baba wa binti hakiwezi kukaa kitupu mbele ya wageni wote wale, kwa hiyo picha itakaa pale, kubwa, ndani ya fremu, watamtazama yeye kwanza kisha mimi, suti basi, suti haina jeshi, suti haina mwaka… maisha yangu yote nimefundishwa kusema baba alikuwa mtu wa mabehewa kule Port Bell, anayapandisha kwenye feri, nilisema shuleni, nilisema kwa wenye nyumba, nilimwambia hata Erinayo, mpaka siku ile Kabalagala chipsi zikapoa mezani nikatoa ukweli, kwamba Okwera baba yangu alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa mwaka themanini na sita, aliondoka Januari na wenzake kuelekea kaskazini, habari ikarudi, yeye hakurudi, Erinayo akapangusa vidole kimoja kimoja, akasema, "Mimi sioi picha, Amito, lakini bibi yangu akiiona ile nguo ya jeshi…" akaishia hapo, bibi yake, Jjajja tunamwita, alizika wana wawili kwenye vita vya Luweero na ile nguo ndiyo aliyoiona mlangoni kwake, na Jjajja huyohuyo ananipenda, nikienda hunichagulia kipande laini cha matooke kwa mkono wake, nitamkalishaje mbele ya nguo ile, siwezi, sina moyo huo, na baba naye nitamvikaje uongo siku ya kunitoa, hilo nalo siwezi… "Na tai usiweke nyekundu," mama anasema, sawa, mama, tai si nyekundu… nakuza picha, asilimia mia tatu, mia nne, uso umekubali, jicho la kushoto liliozeshwa na unyevu nikamwazima langu kutoka picha ya pasipoti, lilikaa bila ubishi hata nikaona haya kidogo, sikio ni la baba mdogo Onen, kidevu ni chake mwenyewe, na shingo, shingo ni ya wembe wa mama, wiki ile askari walioshinda walipokuwa wanasaka nyumba hadi nyumba kule Luzira alimkata kutoka kwenye picha, magwanda akayatia jikoni yakaungua, kichwa akakishonea ndani ya mto nikalala juu yake miaka sijui mingapi bila kujua, nilipokuwa na miaka kumi na mitano nikamwambia wewe ndiye uliyemchinja, naye akaendelea kukunja nguo, akakunja zote mpaka zikaisha, na mimi sikuomba radhi, mpaka leo sijaomba… sasa haya madoa ya kahawia hapa chini karibu na kola, wiki nzima nasema unyevu, nachukua kifutio, kazi yangu ni kusafisha, nafuta la kwanza, naenda la pili, la pili lina ukucha… ngoja… narudisha nyuma, la kwanza nalo lina ukucha, ni vidole vinne, vinene, vifupi, vimeng'ang'ania kola, na nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja tu, mimi, alinibeba, baba alinibeba, na mimi miaka ishirini na saba najua kwamba hatukuwahi kugusana, na ukingo huu niliokuwa nataka kuunyoosha, wembe umeshuka kutoka sikioni kwa haraka, umenyooka kama wa mtu anayekimbia, halafu hapa umepinda, umezunguka kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, ndipo ukarudi njiani, askari wako nyumba ya tatu na yeye anazungusha wembe, na katikati ya vidole pamebaki kipande cha ile nguo, kijani, kadiri ya punje ya hindi, vidole havitoki bila hicho… "Mama, ule wembe ulikuwa wa nani?" namuuliza, "Ya baba yako, ya ndevu," anasema, haulizi wembe gani, "wewe ulikuwa unakataa kuachia kola, mtu wa picha alichoka na wewe," kisha anafungua mkoba na kuufunga tena bila kutoa kitu, mama yangu, Jalia binti wa watu, nilikuita mchinjaji… Jjajja akiuliza kile kijani nitapiga magoti mbele yake nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimshike mkono, akilia nitalia naye, "Amito, bado?" bado kidogo, mama, na kweli bado, kichwa kiko peke yake vilevile na suti ya bluu inangoja pembeni, ila sasa najua pa kuitoboa, hapa kolani, vidole vinne vipite na kijani chao.