Jibu la Takwenya

Kila asubuhi nikienda kazini nilisimama nje ya ua wa Kokoo nikaita, "Takwenya, Kokoo!" Naye akajibu kutoka ndani, "Iko," kwa ile sauti yake nzito. Hapo nilijua nyanya ameamka mzima, nikaenda zangu. Kanisa letu pale Kitengela lilikuwa limenikabidhi wazee wa mtaa wanaoishi peke yao, kwa kuwa nilitoka chuoni na diploma ya ustawi wa jamii, na labda kwa kuwa mimi si mtu wa kubishana.

Jumanne moja ya mwaka 2003 niliita, jibu likachelewa. Kisha sauti nyembamba ikatoka nyuma ya pazia. "Ipa."

Nilisimama. Mwanamke akisalimiwa takwenya hujibu iko. Ipa ni jibu la salamu nyingine, supa, na Kokoo, Mmaasai wa kuzaliwa, hangekosea hata usingizini. Niliita tena. Ipa ilirudi, nyembamba zaidi, halafu mtu akakohoa kikohozi cha mwanamume.

Nikamkumbuka Musila, mpangaji wa chumba cha nyuma, aliyepasua mawe machimboni. Siku hizo kila shamba lilikuwa linakatwa ploti, na mtaa haukumwamini mtu asiye na ndugu hapa. Wiki iliyotangulia mama wa kioski alikuwa amemwona akipima uwanja wa Kokoo kwa tepu, kisha akapigilia vigingi. Akaniambia ndivyo wanavyoanza: kwanza kigingi, kesho hati iko na jina lingine.

Nilichungulia. Vigingi vilikuwepo, vimesimama kwa mstari.

Nilibisha. Musila akafungua mlango kidogo tu, akaujaza mwanya kwa mwili wake.

"Amelala," akasema.

"Na nani ameniitikia?"

Akaangalia viatu vyake. "Ameitikia, halafu akalala."

Sikuwa na ujasiri wa kumsukuma. Nilienda kwa simu ya kioski, nikampigia Parsaoti, mtoto wa Kokoo aliyeishi Rongai. Nilijua ninachofanya si kidogo. Tangu mama yake alipoanguka mwaka uliopita, Parsaoti alikuwa amesema akianguka tena atamhamishia kwake. Kila alipoligusa jambo hilo, Kokoo alikuwa na sababu: mbuzi wanazaa, kuku watakosa mtu, bati linavuja.

Alifika kabla ya saa sita, na pikapu. Mara hii Musila alitupisha.

Kokoo alikuwa ameketi kitandani, goti limevimba, limefungwa kitambaa. Kando yake palikuwa na kikombe cha uji, na sakafuni mzigo wa kamba ya katani.

"Yeyo, umeanguka lini?" Parsaoti akauliza.

Alikuwa ameanguka usiku wa kuamkia siku hiyo, akienda choo. Sauti yake ilikuwa bado na maumivu, na ndiye aliyemwamuru Musila aniitikie, nisijue, mwanawe asijue. Vile vigingi vilikuwa vya kufungia kamba, kutoka mlangoni hadi chooni, apate kitu cha kushika. Musila alijieleza polepole, bila kuniangalia. Kimaa chake chote alikiokota machimboni, ambako wanaume husalimiana supa.

"Neno moja tu," Kokoo akamwambia. "Mawe unapasua, lakini iko imekushinda."

Nilicheka, nikajuta. Parsaoti hakucheka. Alianza kukunja blanketi.

Kokoo akasema mbuzi wanakaribia kuzaa. Parsaoti akajibu mbuzi watapanda pikapu. Na kuku? Rongai kuna banda. Kokoo akatazama juu, kwenye bati, nikaona anatafuta neno la kusema juu ya bati, na hakulipata. Akanyoosha mkono, ukapita hewani kando ya blanketi, ukarudi, ndipo ukalishika. Hapo nilielewa kitu ambacho miezi yote ya kumsalimia kutoka nje ya ua haikunionyesha.

"Parsaoti, achana na mbuzi," alisema. "Mbuzi nilikuwa nasema tu. Macho yangu yanaisha, na sijaambia mtu. Hapa hata giza likiingia lote, huu mkono unajua mlango uko wapi, unajua maji yako wapi. Kwako nitakaa kwa kiti kama mgeni, ningoje mtu anishike nikojoe. Sitaki. Nataka kubaki kwangu. Sasa wewe shika kamba upande mmoja, Musila ashike ule mwingine, mnifungie."