Nusu Niliyompa Seleyian

"Mama Seleyian, wewe mwenyewe umewahi kupimwa matiti?"

Nilidhani Daktari Mbeke amechanganya faili. Binti yetu alikuwa mapajani mwa baba yake, Kasaine, kichwa kikitikisika, vishipa vyekundu vimetanda kwenye weupe wa macho. Tulikuwa tumetoka Kitengela alfajiri kwa ajili yake.

"Nimeleta mtoto, daktari. Mimi siumwi."

Alisogeza kiti karibu. Akatueleza polepole kwamba ugonjwa uliokuwa ukila ubongo wa Seleyian aliurithi kwetu sote wawili. Kila mzazi alimpa nusu. Nusu moja haimwangushi mtu.

"Lakini kwa mwanamke," alisema, "hiyo nusu inaweza kumletea saratani ya matiti."

Seleyian alitembea mapema, akiwafukuza mbuzi wa nyanya yake kule Mashuuru. Kisha akaanza kuyumba. Tulimbadilishia viatu. Tulimwombea. Alipoanza shule alikuwa akitembea ameshika ukuta, na mwishowe hata ukuta haukumsaidia.

Nilipimwa kwa hasira, kama mtu anayetaka kumwonyesha daktari kwamba amekosea. Uvimbe ulikuwepo, mdogo, ambao mkono wangu haungeugundua. Titi la kushoto likakatwa.

Niliporudi nyumbani, Seleyian aliomba alazwe kando yangu. Siku hizo maneno yalimtoka kwa kujikokota, ikabidi umsubiri. Aligusa bandeji.

"Yeyo, wamekutoa nini?"

"Wamenitoa ugonjwa, mwanangu."

Akaiachia bandeji, akaniangalia.

"Na wangu watautoa lini?"

Kasaine, aliyekuwa mlangoni na kikombe changu cha chai, aligeuka akarudi jikoni. Nilimvuta mtoto kwenye upande usiouma, nikamwambia alale.

Maradhi ya kifua ndiyo yaliyomwondoa, mvua zilipoanza, akiwa na miaka kumi. Tulimzika Mashuuru, kwa nyanya yake.

Mwaka huu nilirudi kupimwa. Daktari Mbeke aliangalia picha kwa muda mrefu, kisha akatabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilimshukuru. Nje, Kasaine aliinuka kwenye benchi.

"Amesema nini?"

"Amesema niko mzima."

Tuliketi pale tukalia wote wawili, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akasimama, akatupa pole, akidhani tumepewa habari mbaya.